Goa mwezi wa Julai: inawezekana, ila usiende kwa ajili ya kuogelea

Ndugu uliyeuliza kama Julai ni wakati mzuri wa kupumzika ufukweni Goa, magharibi mwa India, na begi lako la mgongoni: vyumba ni rahisi na kuna utulivu, lakini bahari haiogeleki. Pepo za kusi huleta mvua kubwa Juni hadi Septemba, mawimbi yanachafuka na mkondo humvuta mtu kilindini hata maji yakiwa ya kiunoni. Ukiona bendera nyekundu, ishia mchangani. Vibanda vya chakula vya ufukweni navyo hubomolewa kabla ya mvua, kwa hiyo ukiwa Palolem, ufuko wa kusini mwa Goa, utakula kijijini.

Chumba usikilipie kabla ya kukiona. Nusa godoro, tazama pembe za dari: doa jeusi ni ukungu, na humo nguo hazitakauka. Ndani ya begi tandika mfuko mzito wa plastiki. Kile kifuniko cha nje hakizuii maji ya mgongoni. Treni za Konkan, reli ya pwani inayopita Goa, wakati huo hupunguza mwendo kwa hofu ya maporomoko ya udongo, basi usipange ndege siku hiyohiyo.

Ukitaka ufuko mkavu zaidi, nenda pwani ya mashariki ya India, Mahabalipuram au Puducherry. Kuna joto kali, lakini mvua zao kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Kuogelea huko pia, waulize wavuvi kwanza.