Betri ya ubongo: mkono unatulia papo hapo, lakini sonona ni habari nyingine

Mleta mada, umeuliza mambo mawili kuhusu kaka yako, ambaye ana sonona ya miaka mingi na dawa zimegoma. Kwanza, ile betri ya ubongo uliyoiona kwenye video (betri inayowekwa chini ya ngozi, inayopeleka umeme kwenye nyaya zilizoingizwa ubongoni), mtu anatetemeka, kitufe kinabonyezwa, mkono unatulia, je, inaweza kumfaa? Pili, akipigwa picha ya ubongo, ugonjwa utaonekana? Mimi si daktari. Nina Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na kukakamaa, nimewekewa hiyo betri, na nilikubali kuingia kwenye utafiti uliotupiga picha za ubongo kabla na baada ya upasuaji. Kwa hiyo nimewasikia sana madaktari na watafiti wakibishana juu ya vichwa vyetu.

Video yako ni ya kweli, ila inaonyesha kile kilicho rahisi. Mtetemo hujibu ndani ya sekunde. Kukakamaa kwa misuli nako hakukawii. Kutembea huchukua muda zaidi, na wenye distonia, wale ambao misuli inawapinda shingo au mwili, wanaweza kungoja wiki au hata miezi. Kwa hiyo hata kwenye magonjwa ya mwendo si kila kitu ni kubonyeza kitufe.

Siku ya upasuaji nilinyimwa dawa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, makusudi, ili mwili uonyeshe ugonjwa ulivyo. Kichwa kilifungwa kwenye fremu ya chuma kwa skrubu, ganzi ikachomwa hapo hapo kwenye ngozi, nikabaki macho. Waya mwembamba ulishuka huku spika ikitoa sauti ya seli zenyewe: mkwaruzo hafifu, kisha kimya, kisha ghafla kelele nzito, na chumba kizima kikachangamka kwa sababu walijua wameingia kwenye kiini cha sabthalamasi, sehemu ya ndani kabisa ya ubongo waliyokuwa wanailenga. Hicho kiini ni kidogo kama punje ya haragwe. Daktari wa neva alikuwa ameshika kiganja changu, anakikunja na kukikunjua bila kuacha. "Mzee, hesabu kutoka mia ukirudi nyuma." Nikaanza. Umeme ukaongezwa, naye akasema "imeachia" kabla mimi mwenyewe sijahisi chochote. Wakaongeza tena, mdomo ukavutwa upande mmoja, maana umeme ulikuwa umemwagikia njia ya neva iliyo jirani. Wakapunguza.

Ukiuelewa mkono ule wa daktari, umeelewa kwa nini utafiti wa Parkinson umekwenda mbio kuliko wa sonona. Jibu lilikuwa kwenye vidole vyake. Hata mwanzo wake ulikuwa hivyo hivyo: mwaka 1987 kule Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid na wenzake waliona kwamba umeme wa mapigo mengi, zaidi ya 100 kwa sekunde, ukipelekwa kwenye thalamasi, sehemu nyingine ya ndani ya ubongo, unazima mtetemo, na ukikatwa mtetemo unarudi. Kabla ya hapo kazi ilikuwa kuchoma sehemu hiyo, na kilichochomwa hakirudi. Mwaka 1990 kundi la Mahlon DeLong nchini Marekani likaonyesha kwa nyani wenye dalili za Parkinson kwamba kile kiini cha sabthalamasi ndicho cha kushughulikiwa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliruhusu betri hii kwa mtetemo mwaka 1997 na kwa Parkinson mwaka 2002.

Sasa hisia. Kuna kisa cha mwaka 1999 kutoka Paris ambacho kila mwenye nyaya kama zangu angepaswa kukijua. Mwanamke wa miaka 65 mwenye Parkinson, asiye na historia yoyote ya sonona, alikuwa akijaribiwa ncha za waya moja baada ya nyingine. Ncha moja ilipowashwa, uso ukamwanguka, akalia, akasema amechoka kuishi. Walipozima, haikufika sekunde 90 akawa amerudi kama alivyokuwa. Picha zikaonyesha ncha ile ilikuwa chini kidogo, kwenye sehemu jirani iitwayo sabstansia nigra, ilhali ncha nyingine ya waya ule ule, milimita chache juu yake, ndiyo iliyomtuliza mwili. Njia ya mwendo na njia ya hisia zimebanana humo ndani.

Na hata bila kisa kama hicho, mimi nilipunguziwa levodopa, dawa yetu kuu ya Parkinson, baada ya upasuaji, mwili ukawa mwepesi na hamu ikaniisha. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa tu nakaa kwenye kiti, simu ikiita siipokei. Mke wangu ndiye aliyewaambia madaktari, mimi niliona niko sawa kabisa. Dozi ikapandishwa kidogo, nikaanza tena kugombana na watu kuhusu mpira. Hali hii inajulikana, na wanaopunguziwa dawa haraka huipata.

Kwa hiyo wazo la kutibu sonona kwa njia hii lina msingi. Daktari wa neva Helen Mayberg alikuwa ameona kwenye picha za PET, zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi, kwamba sehemu moja ya mbele, chini kabisa, inayoitwa eneo la 25, inachemka kwa watu wenye sonona nzito na kutulia wanapopata nafuu. Mwaka 2005, yeye na madaktari wa Toronto, Kanada, waliwawekea waya hapo wagonjwa 6 ambao kila dawa ilikuwa imeshindwa, na 4 wakapata nafuu kubwa iliyodumu hadi mwezi wa sita. Dunia nzima ikashangilia.

Kisha likaja jaribio kubwa zaidi la watu 90. Wote walifanyiwa upasuaji, lakini wengine betri haikuwashwa kwa miezi sita, na hawakuambiwa. Matokeo: nafuu kwa asilimia 20 waliowashiwa, asilimia 17 wasiowashiwa. Jaribio likasimamishwa. Lakini walipowashiwa wote na kufuatiliwa miaka miwili, karibu nusu walikuwa na nafuu kubwa. Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya muda na uangalizi, kwa kuwa safari hii hapakuwa na kundi la kulinganisha. Wapo wanaosema miezi sita ilikuwa michache mno. Mimi naegemea hao wa pili, ila sitamlaumu daktari anayeegemea wa kwanza. Watafiti wa Uholanzi mwaka 2016 walifanya kinyume: waliwatafutia wagonjwa 25 mpangilio unaofaa kwanza, kwa muda mrefu, ndipo wakajaribu kuwasha na kuzima kwa siri. Kumi kati ya hao 25 walikuwa wamepata nafuu, na tofauti kati ya kuwashwa na kuzimwa ikaonekana.

Shida ni ile ile: kwenye sonona hakuna kiganja cha kukunja. Daktari anabadili umeme leo, jibu linakuja baada ya wiki, na katikati yake mgonjwa amefiwa, amepata kazi, au ana matumaini tu. Na matumaini si kitu cha kupuuza. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwa PET kwamba mgonjwa wa Parkinson akipewa dawa bandia akiamini ni ya kweli, ubongo wake unamwaga dopamini, kemikali ile ile inayopungua kwenye Parkinson. Ndiyo maana nilifurahia ripoti ya mwaka 2023 ya kundi la Mayberg: wagonjwa 10 waliwekewa kifaa kinachosikiliza mawimbi ya ubongo pale pale kinapochochea, na wakapata alama ya umeme inayobadilika mtu anapopona. Ni watu 10 tu. Lakini angalau wameanza kukitafuta kiganja chao.

Swali lako la picha. Kwa sasa hakuna picha ya ubongo inayomwambia daktari kwamba mtu huyu ana sonona na yule hana. Tofauti zinaonekana ukilinganisha makundi. Kwa mtu mmoja hazitoshi. Hata kwetu, kipimo cha DaTSCAN kinaonyesha kupungua kwa dopamini, lakini hakitenganishi Parkinson na magonjwa ndugu zake. Kaka yako akipigwa MRI, kazi yake ni kuhakikisha hakuna uvimbe au kiharusi. Atakayekuuzia picha ili "aione sonona", mwache na mashine yake.

Picha inakofaa ni kulenga. Na hapa nakusogeza mbali na upasuaji, maana kufungua fuvu kuna hatari ya damu kuvuja ubongoni, takriban mtu mmoja au wawili katika 100, na kwa sonona betri hii bado ni ya kwenye utafiti. Kuna uchochezi wa sumaku, TMS, ulioanzia Sheffield, Uingereza, mwaka 1985 na kuruhusiwa Marekani kwa sonona mwaka 2008. Koili ya sumaku inawekwa juu ya kichwa, hakuna kisu. Mwaka 2012 kundi la mtafiti wa Marekani Michael Fox (si yule mwigizaji) lilionyesha kwamba mahali panapofaa kulengwa ni pale ambapo shughuli yake inapishana na ya eneo la 25: huku ikipanda, kule inashuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakatumia MRI ya utendaji, inayoonyesha ubongo ukifanya kazi, kumtafutia kila mgonjwa mahali pake, wakampa vipindi 10 kwa siku kwa siku 5. Kwenye jaribio la watu 29, dalili za waliopata tiba ya kweli zilishuka kwa zaidi ya nusu, za waliopewa ya bandia kwa asilimia 11. FDA ikauruhusu mpango huo mwaka 2022. Watu 29 ni wachache, siwezi kuimba sifa, lakini ningekuwa kaka yako ningeanza kuulizia huko. Mwenye kifafa au chuma kichwani aseme mapema. Na tiba ya mshtuko wa umeme chini ya nusu kaputi, pamoja na jina lake baya, bado ni miongoni mwa zenye nguvu zaidi kwa sonona sugu. Msiikatae kwa sababu ya filamu. Akianza kuzungumzia kufa, msingoje miadi, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Popote mtakapokwenda, swali la kwanza litakuwa dawa gani ameshatumia. Si majina tu: dozi ngapi, kwa wiki ngapi, aliacha kwa nini. Wengi wanaoitwa "dawa zimegoma" hukutwa hawakuwahi kufikishwa dozi kamili. Kaa naye muandike hiyo orodha, na ukiwa nayo ilete hapa tuiangalie.