Mke wako haichukii bustani

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wawili. Wa kwanza ana miaka 7, wa pili ana miezi 14. Tunaishi ghorofa ya pili na dirisha la chumba chetu linatazama barabara kuu: malori, pikipiki na honi mpaka usiku wa manane. Mwaka jana nilijiunga na majirani kulima kiwanja kilichotelekezwa nyuma ya majengo yetu, kwa mfumo wa permakacha, yaani kilimo kinachoiga jinsi maumbile yenyewe yanavyofanya kazi. Kule ndiko ninakopumua. Nikitoka kazini napitia bustanini, na Jumamosi nashinda huko. Kwenye orodha wanachama ni wengi, ila wa kumwagilia na kugeuza mboji ni mimi na mzee mmoja. Mke wangu amechoka. Juzi aliniambia, "Wewe unapumzika kule. Mimi napumzika wapi?" Nikamkumbusha kuwa mboga tunazokula zinatoka huko, akanyamaza na kuondoka. Je, niiache bustani? Au nianze kwenda na watoto ili ugomvi uishe?*
*Baba wa Bustani*

Marahaba, mwanangu.

Mkeo alikuuliza anapumzika wapi, ukamjibu habari za mboga. Ningekuwa mimi, ningeondoka pia. Barua yako yote umeandika juu ya bustani, lakini sentensi yake moja ndiyo iliyobeba shida ya nyumba yenu, nayo bado haijajibiwa.

Nyumba yenu ina kelele, na wewe umepata pa kuzikimbilia. Sikulaumu kwa hilo. Mwili unaopigiwa honi mchana kutwa hutafuta kivuli chake. Ila kila jioni unapochelewa kule, fungu lako la kelele analibeba yeye, pamoja na mtoto anayeshtuka usingizini. Usiseme amezoea. Mtu anaweza kulala bila kuamka na bado moyo wake ukaongeza mapigo kila lori linapopita. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilishauri kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, na kelele ya ghafla isizidi 45. Kumbuka desibeli hazipandi kama hesabu za kawaida: zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imeongezeka mara 10. Chumba kinachotazama barabara kuu kinaweza kuupita ushauri huo kwa mbali sana.

Kwa hiyo bustani usiiache, lakini kazi yako ya kwanza iko nyumbani. Hata permakacha yenyewe inasema hivyo. Bill Mollison na David Holmgren, walioianzisha kule Australia miaka ya 1970, waliisimamisha juu ya mambo matatu: kutunza ardhi, kutunza watu na kugawana kwa haki. Wanaoifuata huligawa eneo katika kanda, na hesabu huanza na kanda sifuri, yaani nyumba na waliomo. Umejifunza kuutazama udongo kabla ya kuugusa. Basi tazama nyumba yako kwa jicho hilohilo.

Kama mna chumba upande wa nyuma, hata kama ni kidogo, hamishieni vitanda huko wiki hii, na upande wa barabara uwe sebule. Hakuna hatua nyingine ninayoijua ya bure inayosaidia kama hiyo. Kisha pitisha kiganja kando ya madirisha na chini ya milango usiku. Panapopita upepo ndipo panapopita sauti, kwa hiyo mianya hiyo izibwe kwa mpira au kitambaa kizito. Kabati la nguo lisukumwe kwenye ukuta wa barabarani. Mapazia mazito yanapunguza mwangwi wa ndani, ila lori hayalizuii. Mimea ya vyungu kibarazani nayo ni vivyo hivyo: ipande kwa sababu unaipenda, usimwahidi mkeo kwamba itameza honi. Halafu gawaneni usiku. Mmoja akiwa na zamu ya mtoto, mwenzake aweke vizibo vya masikio alale kwelikweli, na usiku unaofuata mbadilishane. Najua mna kazi asubuhi wote wawili, iwe ya mshahara au ya nyumbani. Ndiyo maana nasema zamu.

Mkeo apate pia saa zake. Chagueni siku ambayo wewe unabaki na watoto wote wawili, kila wiki, bila yeye kuomba. Aende anakotaka. Usimpangie, na tafadhali usimpeleke bustanini kama zawadi. Pale ni kwako. Akipapenda siku moja atakuja kwa miguu yake.

Sasa bustani. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu naipenda kazi hiyo. Bustani ya jamii inayomhitaji mtu mmoja kila jioni imepangwa vibaya, hata kama imestawi. Ukiugua mwezi mzima, itakufa. Vinavyochumwa na kutazamwa kila siku, kama majani ya mboga na viungo, vilete kibarazani kwako, hatua chache kutoka jikoni, ambako mtoto wako wa miaka 7 anaweza kuvimwagilia kabla ya kwenda shule. Kule kiwanjani yabaki yale yanayovumilia kutotazamwa: miti ya matunda, mazao ya mizizi, mimea ya kudumu inayochipua tena bila kupandwa upya.

Mwagilieni mara chache lakini maji yazame, badala ya kunyunyiza kila jioni. Tandazeni nyasi au majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, mkiacha nafasi kidogo kuzunguka shina lisioze. Udongo uliofunikwa haupotezi maji haraka. Kwenye matuta yenye kiu zaidi, fukieni vyungu vya udongo visivyopakwa rangi, shingo ikiwa juu ya ardhi, mvijaze maji na kuvifunika. Maji yatavuja polepole kwenye mizizi, na chungu kikubwa hukaa siku kadhaa kabla ya kuhitaji kujazwa tena.

Mboji nayo imekutumikisha bila sababu. Kugeuza kila mara ni kwa mwenye haraka, anayetaka lundo lipande joto la nyuzi 55 hadi 65 na kuiva ndani ya wiki chache. Ninyi mna haraka gani? Pangeni tabaka la majani makavu, tabaka la mabaki mabichi, makavu yawe mengi kuliko mabichi, lifunikeni na mliache. Litachukua miezi, na litaiva. Lundo la namna hiyo haliui mbegu zote za magugu, basi magugu yenye mbegu msiyatie humo.

Baada ya hapo itisheni kikao. Sema wazi siku unazoweza kuja na siku usizoweza, zamu ziandikwe na kila mwanachama asaini. Kisha, mwanangu, ile siku isiyo yako usiende. Najua itakuuma kuona tuta limenyauka kwa sababu mwenye zamu hakutokea. Lisimwagiliwe na wewe. Tuta likikauka mara mbili, kikundi kimejua kuwa kimelima kuliko nguvu zake, na mtapunguza matuta. Yule mzee mnayesaidiana naye atashukuru pia. Huenda naye ana mtu anayemsubiri nyumbani.

Kuhusu watoto, wapeleke, lakini mpime udongo kwanza, hasa risasi, ile metali yenye sumu. Petroli yenye risasi iliuzwa duniani kwa miongo mingi. Nchi ya mwisho kuacha kuitumia kwenye magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Risasi haiozi. Hubaki kwenye udongo wa kando ya barabara na chini ya kuta zilizopakwa rangi za zamani, na huathiri ubongo wa mtoto mdogo anayepeleka kila kitu mdomoni. Mwanao wa miezi 14 ndiye hasa. Majibu yakiwa mabaya, jengeni matuta ya kuinuliwa kwa udongo safi ulioletwa, yawe mbali na barabara na kuta hizo, mfunike njia zote kwa matandazo zisitoe vumbi. Mikono ioshwe kabla ya kula chochote, na mboga zioshwe vizuri. Wakati mnasubiri majibu, mkubwa aje nawe, mdogo asitambae pale.

Na siku utakayokuwa nao bustanini usijipangie kazi nyingine. Mtoto wa umri huo hakupi nafasi ya kushika jembe, na ukirudi nyumbani tope likiwa limewafika magotini, kuwaogesha ni kwako wewe.