Barua za akina Strutt na kazi ya nguo vijijini

Umeuliza iwapo barua za familia ya Jedediah Strutt, mwenye viwanda wa Derbyshire, Uingereza, zinaonyesha ndoto ya kuwainua wanavijiji kwa kazi ya nguo. Kwa maoni yangu, zinaonyesha zaidi ndoto ya kuiinua familia yake mwenyewe. Mwaka 1774 alimwandikia mwanawe William kwamba hatakuwa mtu wa ukoo bora wala waziri mkuu, lakini huenda akawa mfanyabiashara mwenye sifa, na kwa hiyo ni lazima ajifunze adabu za kuishi na watu. Hayo ni maneno ya baba aliyeanza maisha akijifunza ufundi wa magurudumu, na ambaye mkewe Elizabeth aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani.

Matumaini ya vijijini yanaonekana vizuri zaidi katika majengo kuliko katika wino. Strutt alishirikiana na Richard Arkwright, mwenye viwanda vya pamba, kule Cromford, kijiji cha Derbyshire, ambako kinu cha kusokota pamba kilianza kujengwa mwaka 1771, kisha akajenga vinu vyake Belper kando ya mto Derwent, palipokuwa na maji ya kuzungusha mitambo lakini wafanyakazi hawatoshi. Ndiyo maana nyumba zilijengwa: mwanamume aliweza kuendelea kufua misumari au kufuma soksi, huku mkewe na watoto (naam, watoto wadogo) wakiingia kinuni kusokota.