Kijana kaiba kwa akili zake, je tumkane?

SWALI: Assalam alaykum shekhe. Mwanangu wa miaka 15 kakamatwa stendi Kabwe na simu ya wizi, na sio mara ya kwanza. Mjomba wake amesoma chuo, anasema wataalamu wameshasema kijana hafanyi uhalifu kwa bahati mbaya, anapiga hesabu, akiona faida inazidi hasara anaiba. Kwa hiyo kachagua mwenyewe, tumkane, na siku wananchi wakimkamata tena tusiende. Mimi natoka Uyole alfajiri na viazi vyangu narudi usiku. Dini inaruhusu kumkana mtoto?

JIBU: Waalaykum salaam dada yangu. Maswali yapo mengi ila hili la "tusiende" nimeshindwa kuliacha mpaka wiki ijayo, maana wote tunajua wananchi wenye hasira wanafanya nini wakiwa na tairi.

Kumkana haifai. Nasaba haikatwi na wizi, na urithi wake haufutwi kwa sababu mjomba kakasirika.

Sasa hiyo hoja ya hesabu. Sikatai kwamba kijana anachagua. Kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe, na wako inaelekea keshabaleghe, basi dhambi ni yake, tusimsingizie jini wala marafiki. Ila mjomba kachukua nusu ya maneno akakimbia nayo. Mwambie arudi akasome vizuri haohao wataalamu wake. Beccaria wa Italia, mwaka 1764, ndiye baba wa hoja hiyo, na alisema kinachomzuia mtu ni uhakika kwamba atakamatwa, sio ukatili wa adhabu. Wakaja Clarke na Cornish mwaka 1986 wakasema mhalifu anapiga hesabu kweli, lakini ya harakaharaka, na taarifa pungufu. Hapo ni mtu yeyote, sasa weka kijana wa miaka 15 na wenzake watatu nyuma wanamwangalia, wewe unadhani anaiona jela? Anaiona simu, na anamuona yule mtu mzima anayeinunua kwa elfu 30 bila kuuliza imetoka wapi. Huyo mnunuzi mjomba hajamtaja kabisa, wakati yeye ndiye anayeweka faida kwenye hiyo hesabu! Na sisi tunaomwacha kijana kutwa nzima bila mtu wa kumuuliza ulikuwa wapi, ndio tunaofuta hasara. Sikulaumu dada yangu, viazi ndio vinawalisha, nawasema wanaume wa ukoo.

Halafu kama kweli kijana anapiga hesabu, si ina maana anafundishika? Asiyekuwa na akili ndio huwezi kuongea naye. Imamu Ahmad kapokea hadithi kwa sahaba Abu Umama kwamba kijana alimwendea Mtume (s.a.w) akaomba ruhusa ya kuzini, hadharani kabisa, watu wakamkemea. Mtume akamwambia sogea, akakaa karibu naye, akamuuliza, unalipenda hilo kwa mama yako? Kwa binti yako? Dada yako? Shangazi yako? Kila mara anajibu hapana wallahi, na Mtume anamwambia na watu nao hawalipendi kwa mama zao. Kisha akamwekea mkono akamuombea dua. Angalia, kampigisha hesabu, lakini kamuingizia mtu ambaye hakuwemo. Mwanao hajawahi kumuweka mwenye simu kwenye hesabu yake, labda ni mama muuza ndizi mwenye namba za wateja wake wote mle ndani.

Kwa hiyo fanya hivi. Kama simu haijarudi kwa mwenyewe ilipwe, wajibu wa kulipa mali ya watu hauangalii umri, na alipe yeye kwa jasho lake, abebe magunia sokoni Jumamosi na Jumapili, usimlipie wewe. Polisi nenda, na kesi ikifika mbele isikilizwe mahakama ya watoto, hiyo ni haki yake kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Hata serikali ina Shule ya Maadilisho Irambo hapahapa Mbeya kwa walioteleza, sasa iweje mjomba wa damu ndio awe wa kwanza kumtupa? Baada ya shule apangiwe mtu na sehemu ya kwenda, kama madrasa hapendi basi gereji, ilimradi saa 10 jioni kuna mtu anayemsubiri.

Na akitoka mlete kwangu baada ya Ijumaa, aje na mjomba wake, yule nina maneno naye marefu.