Kupima madhara ya mkaa unaochomwa msimu wa baridi Arusha: ushauri kwa mtafiti anayeanza

Nyumba nyingi za Arusha hazina jiko la kupashia joto peke yake. Jiko lile lile la mkaa linapika ugali, linachemsha maji ya kuoga, na usiku wa Julai linaingizwa ndani watu waote. Kwa hiyo pima nyumba zile zile mara mbili, Februari na Julai, siku nne mfululizo, Jumapili ikiwamo. Tofauti ya mkaa ndiyo gharama ya baridi.

Kila siku andika idadi ya waliokula. Likizo ya shule huangukia kwenye baridi, na watoto wakirudi kutoka bwenini mkaa huongezeka hata kama hakuna aliyeota moto. Linganisha matumizi ya kila mtu, usilinganishe ya nyumba nzima.

Usiulize wanamaliza magunia mangapi kwa mwezi. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo wake, na la kawaida ni vitu viwili, na debe nalo hutegemea mkono wa muuzaji. Beba mizani ya kuning'iniza. Pima kiroba asubuhi, waombe wasichote kwingine, rudi kesho saa ile ile. Chenga zilizobaki chini zipime kando, kwa kuwa hazijaungua. Mkaa ulionyeshewa hudanganya mizani: kausha sampuli kwenye oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito utulie.

Kisha jikague kwa hesabu. Ndoo ya lita 20 kutoka nyuzi 18 hadi 40 inahitaji megajuli 1.84. Kilo ya mkaa ina takriban megajuli 29.5, na tukichukulia kuwa robo yake tu ndiyo inafika kwenye maji, ndoo hiyo inakula gramu 250 hivi. Ukipata kilo mbili, kuna kitu umekosea.

Kosa linaloharibu ripoti nyingi ni kuishia mlangoni kwa mtumiaji. Tanuru la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na huko ndiko methani, gesi inayoongeza joto la dunia, na moshi mwingi hutoka. Ndoo moja ya kuoga basi ni kilo 1.25 hadi 2.5 za kuni. Uliza mkaa umetoka wapi na kama miti imeachwa ichipue. Usiandike kaboni yake kuwa sifuri eti kwa sababu mti huota tena. Hesabu kaboni ya sehemu ya kuni isiyorudishwa na miti inayochipua.

Ndani ya nyumba, weka kifaa cha kupima hewa mita 1 kutoka kwenye jiko lenyewe, mita 1.5 juu ya sakafu, mbali na mlango na dirisha. Kipimo cha vumbi laini hakitoshi. Mkaa uliokolea hauna moshi wa kuonekana, lakini unatoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Beba kipimo chake pia. Kiwango cha juu cha gesi hiyo kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 ni miligramu 4 kwa mita ya ujazo, wastani wa saa 24. Ukungu wa asubuhi nao hupandisha usomaji wa vipimo vya bei nafuu vya vumbi, hivyo rekodi unyevu wa hewa.

Ukiona kaboni monoksidi inapanda kwa kasi wakati watu wamo ndani, acha utafiti: jiko litoke nje, madirisha yafunguliwe, na wenye nyumba waelezwe saa hiyo hiyo.