Kikao cha MEWAKA kimekua cha kusaini tu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nafundisha darasa la tatu huku Tabora, mwaka wa tisa sasa. Kila wiki tunakaa kikao cha MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, hapo shuleni ila kwakweli ni kusaini tu, mmoja anasoma moduli wengine wako bize na simu, posho hakuna, alafu nikirudi darasani nina watoto 94 na hesabu za kutoa bado zinawashinda. Hivi mtu anazaliwa mwalimu mzuri au nami naweza kuwa bora bila kurudi chuo?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole na hao 94! Chuo weka pembeni kwanza. Hayo Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini yamepangwa yafanyike hapohapo shuleni ili msisubiri semina za mbali, zile anaenda mmoja anarudi na begi na fulana alafu basi. Sasa wiki ijayo nenda kikaoni na madaftari matano ya watoto wako, myaangalie makosa pamoja. Tuseme mtoto kaandika 52 - 27 = 35, wengi wetu tunaweka kosa tunapita, ila huyo hajabahatisha, kaona 2 haiwezi kutoa 7 akageuza akatoa 2 kwenye 7, ndo kanuni yake hiyo na anaiamini kabisa. Mwekee mafungu matano ya vijiti kumi kumi na viwili pembeni, mwambie "nipe 27", mwache ahangaike mpaka afungue fungu mwenyewe. Na hapo kikaoni muulize mwalimu wa darasa la pili alifundishaje kutoa, maana kosa mara nyingi linatoka huko huko chini.

Kingine, mwombe mwenzio unayeelewana naye akae nyuma ya darasa lako kipindi kimoja, asikupe maksi, aandike tu majina ya unaowauliza maswali. Mi nilifanyiwa hivo nikiwa na miaka 12 kazini najiona fundi, kumbe karibu majina yote ni ya madawati mawili ya mbele, nilitamani ardhi ipasuke.

Posho dai, ni haki kuuliza, ila hao watoto wasikose kwa ajili yake. Na ile karatasi ya kusaini mwombe mwalimu mkuu izungushwe mwisho wa kikao, sio mwanzo.