Kabla hujalipia semina ya pesa, kaa kwanza na kijumbe wa mtaani kwenu

Naongea hasa na vijana mnaoanza kushika hela. Kuna elimu iko hapo mtaani na tunaipita kila siku. Mtafute kijumbe, yule mama anayekusanya hela za mchezo, yaani upatu wa kuchanga na kupokezana kwa zamu, mara nyingi na yeye ana genge lake au anauza vitenge, alafu anashika hela za watu mwaka mzima na hakuna anayemtilia shaka.

Mimi nacheza upatu kwa mama mmoja huku Mbagala muda mrefu sasa, na kadiri ninavyokaa naye ndo navyozidi kumheshimu. Chukua mchezo wa watu kumi, kila mtu elfu kumi kwa wiki, kila wiki mmoja anapokea laki moja. Anayeanza kupokea ni kama kakopeshwa bila riba, wa mwisho kajiwekea akiba. Hesabu ni hiyo tu, mtoto wa shule anaiweza. Kazi iko kwenye kupanga zamu, na hapo ndo utajua huyu mama anawajua watu kiasi gani. Mgeni anawekwa mwisho mpaka azoeleke, mwenye watoto wa sekondari anasogezwa Januari, anayedaiwa kodi anaulizwa mwenye nyumba anakuja lini, na yule ambaye hela ikikaa mkononi haimalizi siku mbili anaambiwa kabisa taja unachotaka kununua ndo nikupangie zamu.

Na hela anaifuata wakati ipo. Muuza samaki anayetoka Feri anamwahi mchana akishamaliza kuuza, wa chipsi anamfuata usiku, bodaboda jioni kabla hajapeleka hesabu kwa bosi. Mtu akichelewa anatoa ya kwake mfukoni ili anayepokea asikwame, alafu anamfuata mchelewaji pembeni, hamdai mbele za watu. Mimi kazini nimeona viongozi wenye madigrii yao wanashindwa hilo la mwisho.

Ushauri alionipa mimi na nautumia mpaka leo: chagua kiwango ambacho hata siku mbaya utakitoa, yaani siku ya mvua, biashara imelala, mtoto anaumwa. Wengi tunapiga hesabu kwa siku tuliyouza vizuri.

Kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, nako kuna mambo ya kujifunza. Mfumo huu wa kununua hisa na kuweka hela kwenye sanduku ulianzia Niger mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, ukasambaa Afrika nzima mpaka kwetu. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe lipo kwa mwingine. Wengine wanaona ni kutoaminiana, mimi naona inamlinda yule mwaminifu, maana hela ikipungua hakuna atakayemnyooshea kidole peke yake. Kuna na mfuko wa jamii wa ugonjwa na misiba, usiochanganywa na hela ya mikopo. Nakuomba hilo ulifanye hata nyumbani kwako, hela ya shida ikae peke yake.

Sasa wanaokuunga kwenye magrupu ya WhatsApp wakikwambia toa laki upate laki tano, huo sio upatu jamani. Kwenye upatu unapokea kile kile ulichochanga, hakuna faida inayoshuka toka juu. DECI mnaikumbuka, ile ya kupanda na kuvuna iliyochukua hela za watu kwa kuwaahidi faida, serikali iliisimamisha 2009 na watu walikuwa wameshauza mpaka viwanja. Ukiahidiwa zaidi ya ulichotoa uliza hiyo ya ziada inatoka kwa nani, ukikosa jibu ondoka.

Kama unataka kuanza, ingia mchezo wa watu unaojua wanapokaa, kubali kupokea mwisho kwenye mzunguko wa kwanza, na kila ukitoa hakikisha daftari linaandikwa mbele yako hata kama umetuma kwa simu. Kikiwa kikundi cha kukopeshana kisajilini, sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka hivyo, na usajili utawasaidia hata mkienda kuomba mkopo wa halmashauri. Na ukiona wiki hii hutaweza kutoa, mwambie kijumbe mapema, usisubiri mpaka aje mlangoni, yeye ana njia zake za kukubeba lakini anahitaji siku moja mbili za kujipanga.